Koko na Njia ya Sanduku

Juzi nilipanda mutaa wa Cimpunda kuangalia mafundi wangu wanaongeza etaje ya juu kwenye nyumba yangu ya tatu. Ndiyo, ya tatu, na masomo yangu yaliishia primeri. Lakini nilifika nikihema kama muzee, shati yangu ya bei kubwa imekwaruzwa kati ya kuta mbili. Hapo nikamukumbuka Koko, mama ya mama yangu, aliyenilea palepale mu nyumba ya udongo, wakati wa Zaïre.

Rafiki, siku zile mji ulikuwa unaamuka. Watu walikuja na magodoro kichwani, wanatafuta fasi ya kujenga. Asubuhi ilinuka samaki sambaza kwenye jiko ya mbabula, na nyundo zinalia juu ya manjanja mupya ya kuezeka. Sisi watoto tulifurahi. Koko hapana. Mugeni akianza kujenga, Koko aliita majirani wanne. Walisimama wawili mbele, wawili nyuma, mikono begani kama wamebeba sanduku ya maiti, wakatembea kati ya nyumba yake na musingi ya mugeni. Wakipita bila kugusa, jenga. Wakigusa, songa nyuma. Hakuna aliyebisha.

Mpaka akaja jirani mumoja kutoka machimbo ya zahabu ya Mwenga, akanunua parseli ya kujenga mbele yetu, akaleta matofali ya kuchoma.

"Koko, maiti yako ni nani?" akauliza alipoona wale wanne.

"Ni mimi, mwanangu. Siko mbali."

"Basi ngoja kwanza. Mji ni ya watu wazima, hapana ya wafu."

"Muzima gani? Kifua yako inalia kama kamio ya mizigo inapanda mulima kutoka Sange."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini ukuta ukapanda. Koko akaenda kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Shefu akamujibu kwa jina serikali ilitaka tuitane, "Sitwayeni, matofali haivunjwi." Njia yetu ikabaki ya mutu mumoja.

Jioni ile Koko hakugusa bugali. Alisema yeye akikufa hatapitishwa juu ya manjanja ya watu kama gunia ya mihogo. Siku ya Dimanche, kutoka misa, akakunja mukeka wake, akashuka kwenda Mumosho alikozaliwa, na miguu yake mwenyewe. Alikufa kule. Walimubeba kati ya migomba, fasi ilikuwa mingi.

Leo wapangaji wananiita patroni. Wananiuliza maji, wananiuliza kura, ule umeme, basi. Nimechoka, rafiki. Mafundi wangu wanapeleka ukuta mpaka mwisho wa parseli, na hakuna mutu anakuja kuwasimamisha.