Mtaa Usiougua

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukitoka geti la chuo kikuu. Basi kila mwanafunzi wa utafiti lazima aanzie kwetu. Wamekuja mara sita na makaratasi yao na "shikamoo mama" yao tamu, wanauliza mpaka idadi ya ndoo bafuni. Wakishaondoka ndiyo basi tena. Kurudi kusema wameona nini, hawarudi.

Shangazi akachoka. Safari ya mwisho walipomuuliza anaugua mara ngapi kwa mwaka, alijibu huku anatunga uzi: "Kuugua? Mimi hata homa siijui inafananaje." Uongo mkavu! Ana presha, na dawa anachukua kila mwezi zahanati ya chuo. Majirani nao, kwa uvivu tu, wakawa wanasema, "Andika kama alivyosema yule fundi."

Mwezi uliopita tukaitwa ukumbini na mkuu wa chuo. Mhadhiri aliyeandika ripoti akatuonyesha michoro ukutani: wakazi tisa kati ya kumi hawajaugua mwaka mzima. Tukajipigia makofi, eti! Kisha mkuu wa chuo akasema, kwa kuwa mtaa una afya hivyo, kuanzia mwezi ujao zahanati itahudumia wanafunzi tu.

Makofi yakakatika. Watu wote wakamgeukia shangazi, nami nikatamani ardhi inimeze.

Lo, mwanamke yule! Akasimama, pini za kazi bado zimechomekwa kifuani. "Wanangu, nimewadanganya. Mimi nina presha, na mtaa huu ni wagonjwa watupu."

Mkuu wa chuo akauliza kwa nini.

"Ugonjwa wako humwambii mtu asiyerudi kukujulia hali. Nyie mnachuma, mnaondoka."

Mkuu akamgeukia mhadhiri. "Wewe mwenyewe ulifika kwao?" Msomi wa watu akakiri hakufika. Aliwatuma wanafunzi, yeye hakuvuka geti hata siku moja. Mkuu naye akakiri kwamba alitia saini bila kuuliza. Ikakubaliwa zahanati ibaki kama ilivyo mpaka mhadhiri apite mwenyewe nyumba kwa nyumba, kisha arudi kutusomea alichoandika.

Jumatatu asubuhi mhadhiri huyo mlangoni, jasho linamtoka. Shangazi akamwahi: "Na wewe baba, mzima?"

Akababaika. Akasema ana presha tangu mwaka juzi, na kazini hajamwambia mtu.

"Pole. Haya kaa, uandike."

Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikamsikia shangazi anataja yote: miguu inakufa ganzi, macho yanaona ukungu, na mwaka huu ameanguka bafuni mara mbili. Mara mbili! Mimi ninayelala chumba cha pili! Kila asubuhi namuuliza ameamkaje, anasema salama. Ila na mimi, jamani, huwa nauliza nimeshashika mlango, mkoba begani.

Iliniuma. Nikafuta mikono, nikavuta kigoda, nikakaa karibu nao.

"Endelea, shangazi," nikamwambia. "Leo siendi popote."