Kunywa Maji Mengi, Daktari

Nilipougua UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mara nyingine, nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika hospitali ninayofanyia kazi, koti jeupe nimelikunja mapajani ili nisitambulike. Daktari aliyenipima ni binti niliyemwelekeza mwenyewe alipokuwa intani, daktari wa mafunzo. Alinitazama kwa huruma, akauliza, "Dada, unakunywa maji ya kutosha kweli?"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Swali hilo ndilo ninalowauliza akina mama wa Nangara na Singe kila siku ya Mungu, tena kwa sauti ya mtu anayejua analolisema. Mimi mwenyewe asubuhi nikitoka nyumbani Maisaka nilikuwa nakunywa chai nusu kikombe, kisha sinywi kitu hadi jioni. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa naogopa choo.

Nisiisingizie hospitali yetu. Choo cha madaktari wa kike kilikuwepo, mwisho wa korido, na mlangoni kimeandikwa hivyo hivyo kwa rangi ya bluu, mwandiko mzuri tu. Kasoro ndogo ni kwamba mlango ulikuwa na kufuli, na kufuli halikuwa na ufunguo. Aliyeondoka nao alishahamishiwa mkoa mwingine. Ukimuuliza katibu wa hospitali, anakujibu kwa upole, "Daktari, mchakato unaendelea." Nilijifungua mtoto wangu wa pili, nikarudi kazini, mtoto akaota meno, akaanza chekechea, na mchakato bado ulikuwa unaendelea. Mimba ya tembo ingekuwa imeshazaliwa na kupata wajukuu.

Kwa hiyo tulitumia choo cha wagonjwa. Kusimama kwenye foleni ile ukiwa na koti jeupe ni kufungua kliniki ya pili. "Shikamoo dokta, zile dawa ulizoniandikia zinanipa kizunguzungu." "Dokta, hebu mwangalie na huyu masikio, maana upo." Ukikaribia mlango, nesi anakuja mbio: mgonjwa wa kitanda cha dirishani amebadilika. Unakimbia wodini. Ukirudi, foleni imezaliwa upya.

Huko wodini nako kuna raha zake. Unampima mzee, unamshika mkono, unamweleza ugonjwa wake mwanzo hadi mwisho, naye anakushukuru kwa moyo wote: "Asante sana, nesi. Sasa daktari anakuja saa ngapi?"

Yule binti aliyenipima alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Maziwa alikuwa anayakamulia kwenye stoo ya mashuka, amekaa juu ya marobota, mgongo ameuegemeza mlangoni, kwa sababu mlango haukuwa na komeo na kila mtu hospitalini alikuwa anahitaji shuka saa hiyo hiyo. Siku moja alitoka humo na chupa yake, blauzi imelowa, akaniambia, "Dada, mimi nakwenda kuuza vitenge. Shangazi yangu ana duka pale sokoni. Duka lina choo."

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Uongozi nao ukagundua kuwa tumechoka. Uongozi makini hauwezi kukaa kimya watumishi wakichoka, kwa hiyo ukatuletea semina. Ukumbini lilitundikwa bango jipya linalong'aa: "Tabasamu la Mtumishi ni Dawa." Kila mmoja akapewa chupa kubwa ya maji. Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo kutoka Arusha. Alituambia tufumbe macho, tuvute pumzi taratibu, tufikirie mahali penye utulivu ambapo hakuna mtu wa kutusumbua. Nikafumba macho, nikaona choo.

"Sasa," akasema, "ukiona umeelemewa, jambo la kwanza ni nini? Maji! Kunyweni maji mengi."

Mstari wetu wanawake ukapasuka kwa kicheko. Mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa hospitali, aligeuka polepole kututazama. Mwezeshaji akauliza kama amekosea kitu. Tukainamia chupa zetu kama wanafunzi. Ndipo yule binti akasimama.

"Mama, tukiyanywa haya maji tutayapeleka wapi?"

Akamweleza yote: kufuli, foleni, stoo ya mashuka. Akasema wiki ile kuna mgonjwa alifungua mlango akamkuta kifua wazi, akamuomba radhi, halafu akachukua shuka lake na kuondoka. Aliongea bila kupandisha sauti wala kulia, kama mtu anayesoma habari. Hilo ndilo lililonitisha. Nilijua nipo karibu kumpoteza.

Mganga mfawidhi akakohoa. "Hiyo ni changamoto ambayo uongozi unaifahamu, na kwa kweli..." Katibu naye alishafungua mdomo, mchakato umekaa tayari kwenye ulimi. Mwezeshaji akazima projekta.

"Nipelekeni," akasema.

"Wapi, mama?" katibu akauliza.

"Chooni. Maji na mimi nimekunywa."

Tukatoka ukumbini kama msafara wa harusi, yeye mbele. Fundi wa hospitali akaitwa, akaja na nyundo, akaligonga kufuli, likaanguka. Mchakato ukakamilika kabla chai ya saa nne haijapoa.

Ndani kulikuwa na choo kizuri kabisa, vigae vyeupe, sinki zima. Kilikuwa kimejaa viti vilivyovunjika miguu na mabango ya semina zilizopita, yameviringishwa na kuegemezwa ukutani. Moja likateleza, likajikunjua mbele ya miguu yetu: "Mtumishi Kwanza."

Mganga mfawidhi alivua miwani, akaifuta, akatutazama sisi. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, Mzee," binti akajibu. "Kila kikao."

Nilidhani atakasirika. Badala yake aliingia, akabeba kiti kimoja mwenyewe, akakitoa nje. Baada ya hapo ilibidi na katibu abebe.

Maji yaliunganishwa wiki iliyofuata. Chumba kidogo cha pembeni kikatiwa komeo na kiti chenye mto, binti akahama kwenye marobota. Tukapata kichaa cha kuomba. Kila Ijumaa wakati wa chai wanawake tulikaa na mganga mfawidhi, kila mmoja akataja kitu kimoja kinachomkera, na kile kinachotaka nyundo tu kilishughulikiwa. Printa ikahamishwa kutoka jengo la utawala ikaletwa tunapofanyia kazi. Tukapewa beji zenye neno DAKTARI kwa herufi zinazosomeka toka barabarani. Mzee mmoja wa Dareda aliisoma yangu silabi kwa silabi, akatabasamu. "Hongera, nesi," akasema, "kumbe unasomea udaktari."

Baadhi ya madaktari wa kiume wakalalamika kwamba tunapendelewa. Wao walikuwa na choo chao siku zote, kinachofunguka, lakini chetu, walisema, kina harufu nzuri zaidi. Tuliwaahidi kwamba mchakato utaanza.

Sisemi tumepona. Wagonjwa hawajapungua, zamu za usiku zipo pale pale, na wengine tunaowahudumia wanakufa mikononi mwetu, jambo ambalo hakuna fundi wa kulirekebisha. Lakini binti bado yupo, na shangazi yake ameajiri mtu mwingine dukani. Mimi nakunywa maji kama ng'ombe wa mnada.

Jioni moja nilifika nyumbani mapema, jua bado halijazama, mwanangu mkubwa akapita na chanuo mkononi akielekea kwa jirani, maana kwa muda mrefu jirani ndiye aliyekuwa anamsuka.

"Njoo ukae hapa," nikamwambia.

Alinitazama kwa wasiwasi. "Mama, wamekufukuza kazi?"

"Hawajanifukuza. Kaa."

Akakaa katikati ya magoti yangu, nikaanza kumchambua nywele. Mistari ilienda upande, naye akaniambia bila kunionea haya kwamba jirani anasuka vizuri kuliko mimi.