Sare ya Kuchukulia Cheti

Shule niliyomalizia kidato cha sita, huko Kibondo, ilikuwa na sheria moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira. Cheti cha kumaliza shule kilitolewa Ijumaa tu, kwa mwenyewe, akiwa amevaa sare kamili na amenyoa nywele. Umeshafanya mtihani, umefaulu, umepata nafasi ya chuo, lakini karatasi inayosema umemaliza unapewa ukijifanya hujamaliza. Niliwahi kumuuliza mwalimu mmoja sheria hiyo ilitungwa kwa sababu gani. Akasema aliikuta.

Mimi na rafiki yangu, ambaye kwa miaka miwili alilala kitanda cha chini na mimi cha juu, tulikuwa tumepata chuo kimoja cha ualimu, Kasulu. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Jumatatu, na asiye na cheti halisi asijisumbue kupanda basi. Tulikwenda kuvifuata vyeti Jumanne, siku sita kabla. Mimi nilikuwa nimesukwa na shangazi yangu wa Mabamba, kazi ya kutwa nzima. Mwenzangu alikuwa ameolewa mara tu baada ya mtihani. Alijifunga kitenge, ana mimba ya miezi mitano, na tumbo lilikwisha kujitokeza.

Mwalimu aliyeshika vyeti alitupokea dirishani, wakati wa mapumziko, wanafunzi wamejaa uani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hawa akina mama wamemfuata mtoto wa nani?"

Watoto wakacheka. Tulimweleza. Akanielekezea kalamu kichwani.

"Ijumaa. Sare kamili. Na hicho kichwa ukanyoe."

"Na mimi, mwalimu?" mwenzangu akauliza. "Sketi hainifungi."

"Hilo hukuliuliza wakati wake. Utaratibu ni utaratibu."

Alisema kwa sauti, ili wale watoto wasikie, na walisikia. Mwenzangu aliangalia chini. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule mwalimu, nikayameza yote kwa sababu cheti changu kilikuwa kabatini kwake.

Sasa sare yenyewe. Siku ya mwisho ya mtihani tuna desturi ya kuandikiana kwenye mashati. Kila mtu anashika kalamu ya wino mzito, anaandika jina, utani, ahadi. Mgongoni kwangu mwenzangu aliandika kwa herufi kubwa, "Tukutane Kasulu." Sketi ndiyo kabisa, nilishaigawa kwa binamu, naye kaikata kaifanya fupi. Nani anaweka sare ya shule aliyomaliza? Mama aliloweka shati kwenye dawa ya madoa mpaka vidole vikambabuka, na wino ukahama kutoka bluu kwenda zambarau. Ikabidi niazime kwa jirani, kwa binti wa kidato cha pili wa shule hiyohiyo. Shati lilinibana kwapani hata mkono sikuweza kuuinua.

Alhamisi mama alinikalisha kwenye kigoda uani, akakata misuko kwa mkasi, kisha akaninyoa kwa wembe. "Mwana wanje," aliniambia kwa Kiha, yaani mwanangu, "zitaota." Nililia kwa hasira, na nikamkasirikia hata yeye, ambaye kosa lake lilikuwa kutaka nisome. Alikusanya nywele zile akazifunga kwenye mfuko.

Ijumaa mwenzangu alikuja. Alikuwa amenyoa pia. Sketi aliifunga kwa pini tatu, na shati akaliachia juu yake ili lifunike nafasi iliyobaki wazi. Tulipanga foleni, watu wazima tumevaa kama watoto. Alipofika dirishani mwalimu akamtazama.

"Chomekea."

"Mwalimu, siwezi."

"Basi pisha wenzako."

Alipisha. Nami nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo nikasogea. Mwalimu akafungua kabati, akatoa rundo, akaanza kupekua. Cheti cha mwenzangu kilikuwa juu ya changu. Alikinyanyua kwanza, nikalisoma jina, kisha akavuta changu na kile akakirudisha.

"Mwalimu, naomba nimchukulie. Yuko pale nje."

"Mwenyewe. Na sare. Saini hapa."

Nilitia saini. Halafu nikasema, "Asante, mwalimu." Mambo mengine ya siku ile ninaweza kumtupia yeye, lakini asante ile ilitoka kinywani mwangu, na sijui niipeleke wapi.

Jumatatu, Kasulu, mama mmoja wa mapokezi alikitazama cheti kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya chai, akanirudishia. Kichwa changu hakukiangalia. Aliangalia orodha yake.

"Mnatoka shule moja na huyu. Mbona hajafika?"

"Yuko njiani," nikasema.

Wiki iliyofuata nafasi ile alipewa mtu mwingine. Mwenzangu hakurudi kwenye lile dirisha hata baada ya kujifungua. Alisema hawezi kusimama tena mbele ya wale watoto achekwe, na mimi sikumbembeleza.

Sasa ninafundisha Nyakitonto, shule ya msingi, na ndiko mwenzangu alikoolewa. Mwaka huu alimleta binti yake kuanza darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza fomu za wapya. Tulisalimiana kwa vicheko, tukataniana kuhusu unene wangu, nikajaza jina la mtoto, kijiji, dini. Nikafika penye elimu ya mama. Kalamu ilikwishaanza kuandika, akanishika mkono.

"Mwalimu, andika kidato cha nne."

"Cha nne kivipi? Si tumemaliza wote cha sita?"

"Cha nne nina karatasi yake," alisema, kwa upole, kama mtu anayenisaidia nisikosee. "Cha sita watakuuliza umeandika kwa ushahidi gani."

Mtoto alikuwa amesimama kati yetu na sare yake mpya, kichwa kimenyolewa. Niliandika kidato cha sita. Niliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.