Kanga ya Mama Kwenye Dirisha la Tao

Wenzangu mliokua enzi zile mtaa mzima ukisikiliza redio moja, hili mtanielewa. Miezi michache iliyopita, hapa Doha, madamu ninayemfanyia kazi za nyumbani alihangaika wiki tatu kuchagua mapazia ya nyumba mpya. Madirisha yake yote yana matao juu. Fundi alikuja na mabegi ya vitambaa, akauliza: pazia lifuate tao mpaka juu, au lianzie chini yake, ile nusu duara ibaki wazi? Madamu akanigeukia. "Khadija, wewe unaonaje?" Nikaangua kicheko, maana zamani swali hilo hilo nusura limkoseshe dada yangu mume.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Tanga. Baba, fundi mwashi, alikuwa amemaliza kujenga msikiti, akarudi nyumbani na ugonjwa wa matao. Akabomoa dirisha la sebuleni, akalijenga upya na tao kubwa. Mama alilitazama weee, kisha akauliza, "Baba Mwanahamisi, sasa humu tukae au tuswali?"

Pazia letu lilikuwa kitambaa cha maua kilichopitishwa kwenye kamba. Lilifunika chini tu. Juu palibaki wazi, na watoto wa jirani wakawa wanapanda madebe kutuhesabia matonge tukila. Siku hizi watoto wana simu. Sisi sinema yetu ilikuwa sebule za watu.

Basi ikafika siku ya posa ya dada Mwanahamisi. Mama akaapa hachunguliwi mtu. Akakoroga uji mzito wa ngano, akachukua kanga yake nzuri kuliko zote, ya kijani, mimi nikamshikia kigoda, akaigandisha juu ya tao. Ilipendeza kweli! Jirani yetu Bi Zaituni, aliyekuja kutusaidia kukaanga maandazi, aliisifu rangi kutoka uani.

Wageni wanne wakaketi, wakatazamana na dirisha. Mshenga akakohoa, akaanza salamu ndefu, halafu akakwama katikati. Macho yake yalikuwa juu. Wenzake nao wakatazama juu.

"Mzee," akasema mshenga kwa upole, "sisi hatukuja kuroga."

"Nani kasema mmekuja kuroga?" baba akashangaa.

Mshenga akanyoosha kidole. Kwenye tao, kwa herufi nene, kanga ilisema: HUMPATI HATA UKIROGA.

Chumbani dada akaanza kulia kwa sauti. Nyuma ya mlango mama akasahau adabu zote, akapiga kelele: "Jamani si nyinyi! Hiyo nilimnunulia Zaituni!"

Bi Zaituni akatokea mlangoni na mwiko mkononi, mafuta yakidondoka. Alimtazama mama, akamtazama baba, akauliza, "Huyu? Nimroge huyu?"

Mshenga ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na baba, aliyekuwa ameudhika, akashindwa kujizuia. Posa ikapokelewa kukiwa na harufu ya maandazi yaliyoungua. Mama na Bi Zaituni hawakusemeshana mpaka harusi. Siku hiyo wakakutana jikoni, wakakumbatiana, wakaanza kugombana upya kuhusu chumvi ya pilau.

Nilimsimulia madamu kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Alicheka akafuta machozi, akachagua pazia jeupe lisilo na neno lolote, linalofuata tao mpaka juu. Sasa linafunguka kwa simu. Wiki iliyopita mwanawe alipoteza simu, akashinda gizani mchana kutwa; hakujua kwamba pazia huvutwa kwa mkono.

Kazi ni nzuri, sikatai. Hakuna jicho linaloingia humu. Lakini nimekaa mji huu mwaka wa nne, na ukuta kwa ukuta tunaishi na watu ambao sijui hata sauti zao. Hapa hata ukitaka kumnunulia jirani kanga ya mafumbo, utaanzia wapi? Humjui jina, wala hujui amekukosea nini.