Fundi Asiyempima Mkewe

Fundi alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kazi. Cherehani alikuwa ameizoea tangu ujana. Mgongo ukimuuma anaunyoosha mlangoni, anakunywa maji, anarudi kukanyaga. Huu ulikuwa uchovu wa kuishi roho juu. Kila akipishana na mkewe kwenye ujia mwembamba wa nyumba yao, ambayo chumba cha mbele ndicho duka, alijibana ukutani kama anayepisha machela, ili hata kiwiko kisimguse. Na huyo mkewe alikuwa akitembea mwenyewe, tena vizuri tu.

Mambo yalianzia mdomoni. Vidonda kwenye fizi na ndani ya mashavu, vya kawaida kwa kuviangalia, ila hivi havikutaka kupona. Mkewe alisukutua maji ya chumvi, akapaka dawa, akaacha pilipili, akaacha chai ya moto. Kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno mengi, wifi yake, dada wa Fundi, alitania kwamba hatimaye nyumba imepata utulivu. Utani huo haukudumu. Malengelenge yalitokea kifuani, yakaja mgongoni, laini, yakipasuka kwa kuguswa na shuka tu.

Ndipo likatokea lile jambo la kwenye ngazi za hospitali. Walikuwa wanateremka, miguu ikamlegea mkewe, Fundi akamdaka mkono. Mume gani angemwacha aanguke? Ngozi ikateleza chini ya vidole vyake, kipande kikambakia mkononi, chepesi kama bitana ya ndani ya koti. Mkewe hakupiga kelele. Alimtazama tu, na Fundi hakuwahi kuyasahau macho yale.

Daktari wa ngozi, mama mmoja wa sauti ya taratibu, alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na majibu yalipotoka akawaita wote wawili.

"Seli za ngozi zinashikana kwa protini maalumu," alisema. "Ukiwa mzima huzifikirii kabisa. Sasa, mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu. Kwa mama hapa, askari wamekosea adui. Wanazishambulia hizo protini. Seli zenyewe hazina ubaya, ila zinaachiana, maji yanaingia katikati, ndiyo malengelenge hayo."

"Kwa hiyo kitambaa ni kizima," Fundi akasema, "kinachoachia ni vifungo."

"Unaweza kusema hivyo, baba. Ugonjwa hauambukizi. Na si kosa la mtu yeyote."

Maneno hayo ya mwisho Fundi aliyasikia, lakini hayakumwingia. Yeye alibaki na vifungo vyake. Katika maisha yake yote kifungo hakikuwahi kuachia bila mtu kukivuta, mwenye tumbo akakaa vibaya, au mtoto akang'ang'ania nguo ya mama yake. Basi akakata shauri kimoyomoyo kwamba yeye hatavuta tena. Ni fundi tu anayeweza kukosea namna hiyo, na alikosea kwa bidii zote.

Vidonge vilikuwa vikali. Vidonda vilifunga, lakini uso wa mkewe ukavimba ukawa duara, usingizi ukampotea, njaa ikawa haina adabu, na magauni yote yakagoma kupanda. Fundi akamshonea mengine ya pamba laini, yasiyo na kola, mishono akiitoa nje ili isimkwaruze. Ila kumpima hakumpima. Alitandaza gauni la zamani mezani, akakadiria kwa jicho, akaongeza na hofu yake juu. Magauni yakatoka mapana kama mapazia. Wanawake wa mtaa mzima wametoka kwa Fundi nguo zimewakaa sawasawa, na mke wake mwenyewe anapita amevaa gunia. Usiku alilala dukani kwenye mkeka, akidai ana kazi za watu za kumaliza.

Dada yake alimfuata siku moja. "Kaka, wifi analia. Anasema unamwonea kinyaa."

"Kinyaa? Mimi?" Akarudi kukanyaga cherehani. Wanaume wa aina hii wanachosha kweli. Wanampenda mtu kwa kukaa mbali naye, halafu wanashangaa akijiona hapendwi.

Asubuhi moja Fundi alikuwa anampima mwalimu wa jirani, mkewe akatoka ndani, akasimama nyuma ya mteja.

"Anayefuata ni mimi," akasema.

Mwalimu aliwatazama, akachukua mkoba wake. "Nitapita kesho, Fundi."

Walipobaki wawili Fundi akauliza, "Unataka nini, mke wangu?"

"Gauni. La kunikaa."

"Niletee la zamani nikatie kwa hilo."

"La zamani la nani? Yule mtu hayupo. Nipime mimi."

"Lakini ngozi..."

"Ngozi imefunga, daktari amesema, na ulikuwepo. Unawapima wanawake wote hawa. Kama mimi nakutia kinyaa niambie, nijue moja."

"Sikuonei kinyaa. Naogopa. Siku ile, kwenye ngazi. Nilikuchuna kwa mkono wangu huu."

Mkewe akasogea karibu. "Nipime, Fundi."

Akaanzia mabegani, futi ya kupimia ikining'inia bila kugusa kitu.

"Unapima hewa. Kaza."

Akakaza. Halafu, alipotaka kuipandisha futi kisogoni, mkono ukasita. Chini kidogo ya nywele palikuwa na lengelenge, dogo kama punje ya dengu.

"Kuna nini?"

Angeweza kudanganya, lakini alikuwa amechoka hata na uongo wa kazi za watu. "Lengelenge. Moja tu. Dogo."

"Ni futi iliyolileta?"

Futi ilikuwa haijafika pale. Kola hakuweka. Mkono wa mtu haukuwa umepita pale muda mrefu, wa kwake ndiyo kabisa. "Hapana. Nimelikuta."

"Hujanigusa mwaka mzima," mkewe akasema polepole, "na limekuja."

Mkeka, ukuta, magunia yale yote, hakuna kilichomkinga mkewe na chochote. Fundi aliona uchungu wa mwaka uliopotea bure, tena aliwapotezea wote wawili.

"Kesho tutarudi kwa daktari," mkewe akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuizoea njia. "Ataongeza vidonge, nitavimba tena. Acha nafasi kiunoni." Akageuka kumkabili, akainua mikono. "Haya."

Fundi akaizungusha futi kiunoni. Ncha zilipokutana hakusoma namba. Aliiacha mikono yake palepale, ikiwa imemzunguka, na mkewe akaishusha ya kwake juu ya mabega ya mumewe.