Kaberia Alichukua Zamu Yangu

Hiyo asubuhi niliamka na uvivu kubwa, uvivu ya kubebwa na lori mbili. Jua ya huku kwetu chini ya Kianjai ni kitu ingine: ukiacha yai juu ya jiwe saa nne, saa tano unapata kifaranga anakuuliza maji iko wapi. Na ilikuwa zamu yangu ya kuchunga.

Sisi tulikuwa tunachunga kwa zamu. Maboma saba, ng'ombe zote zinawekwa pamoja, na kila siku mtu mmoja anazipeleka kule kwa bonde ambapo nyasi ilikuwa imebaki. Upande wa pili wa hiyo bonde ndiko watu wa bunduki walikuwa wanatokea. Hiyo kiangazi walikuwa wamekuja mara mbili. Kwa hivyo zamu haikuwa mchezo. Mwanaume akienda, bibi yake anashinda akiangalia njia.

Nikaenda kwa ndugu yangu, Kaberia, anayenifuata kwa tumbo la mama.

"Kaberia, nichukulie leo. Niko na kazi ya kanisa. Tunapanga mawe ya msingi."

"Wewe? Kazi ya kanisa?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Leo hata shetani atapigwa na butwaa."

"Usinicheke. Mungu ameniita."

"Kama amekuita, kwanza hakikisha si namba ya mtu mwingine alikuwa anatafuta."

Ilikuwa uongo. Nilikuwa nataka kwenda Kianjai kunyolewa, nikae pale kwa kinyozi nikipigia watu hadithi. Hiyo ndiyo kazi ya kanisa niliyokuwa nayo.

Karimi, bibi ya Kaberia, hakucheka. Aliniambia tu, "Shemeji, basi githeri umpelekee wewe, na ifike ikiwa moto." Hiyo ndiyo sheria ya kwetu. Ukichukuliwa zamu, chakula ya mchana ni yako kupeleka.

Kuna kitu lazima nieleze hapa. Ng'ombe za kwetu hazifuati fimbo, zinafuata mluzi. Mluzi ya fupi fupi inasema endeni mbele. Mluzi moja ndefu, inayopanda halafu inashuka, inasema rudini nyumbani, mbio. Zinafunzwa hivyo tangu ndama. Na Kaberia alikuwa na mdomo ya mluzi! Akipiga huku, watu wa Runyenjes kule Embu wanafungua mlango ya zizi.

Nikanyolewa. Nikadanganya watu pale vizuri sana. Saa saba nikapitia githeri kwa Karimi, mahindi na maharagwe ya moto ndani ya ndoo ndogo, na nikateremka bonde na hako kandoo, kichwa inang'aa kama sufuria mpya.

Nilisikia bunduki kabla sijaona mtu.

Moja. Halafu nyingi.

Mimi ni mtu wa tumbo ya watu watatu. Lakini kulikuwa na shimo ya muhanga pale kando ya njia, shimo ambayo hata sungura angeingia akiwa amevua koti, na mimi niliingia yote na kandoo juu. Mpaka leo sijui niliingiaje. Kutoka, nilitoka na ngozi kidogo.

Kwa mdomo ya shimo niliona miguu. Viatu vya matairi. Watu sita, labda saba. Ukinipata nikiwa na furaha nitakuambia mia moja, lakini walikuwa sita, labda saba.

Na nikaona Kaberia. Alikuwa mzima. Walikuwa wamemshika shati nyuma ya shingo.

Ng'ombe zilikuwa zimekataa kutembea. Walizipiga, zikazunguka tu.

Mmoja akamwambia kwa Kiswahili, "Waambie waende."

Kaberia akaangalia ng'ombe tu.

"Waambie! Ukipeleka mpaka ng'ambo, tunakuachilia."

Nilitaka kuomba. Mimi, mtu ya maneno mingi kuliko redio, sikupata hata moja. Ile ilikuja ni ile ya mezani: Bwana, bariki chakula hii, na wale hawana uwapatie. Nikarudia hiyo. Nikarudia, githeri ikinichoma tumbo.

Nilimwona akilowesha midomo.

Nilijua ni mluzi gani angepiga. Ile fupi. Mtu yeyote angepiga ile fupi. Mimi ningepiga na hata ningewaimbia juu yake.

Akapiga ile ndefu.

Ilipanda, ikashuka. Ng'ombe zote ziligeuka mara moja na kukimbia, zikapita juu ya shimo yangu mpaka mchanga ikanizika macho.

Halafu bunduki moja tu.

Nilibaki ndani mpaka askari walipofika na kuita. Yeye hakuwa wa kuitwa tena.

Siku ya mazishi, kila boma ilileta maziwa. Watu hawakuwa na kitu ingine ya kumpa Karimi, na ng'ombe walizokamua zilikuwa pale kwa sababu ya bwana yake. Alipanga vibuyu kwa ukuta, akaviangalia. Hakuonja. Aliwapikia waombolezaji chai na hiyo maziwa, yeye akanywa maji.

Wiki iliyofuata zamu ya boma yao ikafika. Wazee wakamwambia apumzike. Akasema, "Ng'ombe hazijui kuna matanga." Akaenda mwenyewe. Jumapili akakaa kanisa benchi ya mbele, na akaimba. Mimi nilikuwa nje kando ya tangi ya maji. Kuingia nilishindwa. Kila siku pasta akisema neno "kazi ya kanisa", narudi nyuma ya tangi.

Nilikaa hivyo kiangazi nzima na mvua yake. Mwishowe nikamfuata shambani akipalilia ndengu.

"Karimi, hiyo siku sikuwa na kazi ya kanisa."

Hakuacha kupalilia.

"Nilijua," akasema. "Ulirudi umenyolewa. Hata yeye alijua, shemeji. Ulipotoka tu alisema, wacha huyo aende akachekeshe watu, kiangazi hii nyumba yake imekuwa na njaa na bado anacheka."

Nikakaa chini kwa udongo. Mimi hulia kwa hadithi tu, nikitaka watu wacheke. Hiyo haikuwa ya hadithi.

"Umenisamehe?" nikamuuliza.

Aliinuka, akashika kiuno.

"Bado. Naomba nipewe hiyo ya kusamehe kila asubuhi. Siku ingine napewa, siku ingine nyumba ni kimya tu. Lakini kuomba sijaacha." Akapangusa jasho. "Na wewe toka hapo kando ya tangi. Mungu hajakuambia ukae nje. Ni wewe umejiweka."

Jumapili hiyo niliingia. Nilikaa nyuma, lakini ndani.

Ni miaka sasa. Watu wakiniuliza habari ya hiyo siku, nawaambia ukweli bila chumvi: hakuna hata ndama ilipotea. Wengine husema tulikuwa na bahati. Mimi nawaambia ilikuwa mluzi.

Karimi sijamuuliza tena. Lakini kabla jua haijatoka huwa najua ameamka, namsikia akikohoa na kuwasha moto upande ule wa ua. Huo wakati napiga magoti kwangu. Siombi nisamehewe. Naomba leo apewe.