Fundi Cherehani na Pistoni ya Mwisho

Kwa miaka minne pikipiki ile ilikaa chumba kimoja na cherehani. Upande wa dirishani palikuwa na meza ya kukatia, suruali zisizo na pindo na koti la mkono mmoja. Upande wa ukutani ilisimama fremu tupu, tangi limefunikwa kwa kipande cha bitana, na chini yake makopo ya maziwa yaliyojaa bolti, kila kopo na karatasi yake: GURUDUMU LA NYUMA. KABURETA. SIJUI. Wateja waliokuja kupimwa walijibana katikati wakishikilia nguo zao.

“Fundi, suruali yangu haitanuka petroli?”

“Ikinuka, utawahi kazini.”

Watu walicheka, naye alicheka nao. Lakini mteja akishatoka, fundi aliweka mkasi chini, akanawa mikono kwa petroli badala ya sabuni, akapiga magoti mbele ya fremu ile.

Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, mkunga mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake mwenyewe, waliokwisha kuoa na kuhama. Miaka ishirini na sita aliendesha pikipiki hiyo ya zamani, ya pistoni moja, kwenda kuzalisha. Wenye uchungu waliitambua sauti yake ikiwa bado iko bondeni. Wako waliosema kwamba wakiisikia tu, maumivu yalipungua nusu.

Ikafa mikononi mwa mumewe. Aliiazima siku moja kupeleka suti tatu za harusi. Hakuangalia oili, hakujua hata kwamba oili huangaliwa. Katikati ya mlima injini ilipiga yowe kama mkasi unaokata bati, ikakwama, ikanyamaza. Alisukuma hadi nyumbani, suti zikining’inia kwenye usukani. Mama Pacha alitoka, akagusa silinda kwa mgongo wa vidole kama anayegusa paji la uso la mgonjwa, akasema, “Pole kwa kusukuma.”

Hakuongeza neno, si siku ile wala baadaye. Maneno hayo matatu yalimkaa fundi kooni. Laiti angemgombeza.

Basi yeye, ambaye hakuwahi kufungua skrubu kubwa kuliko ya cherehani yake, akaanza kufungua. Mwalimu wake alikuwa mkereza vyuma wa mtaa wa pili, mzee mwembamba aliyebandikwa jina la Nusu Nywele, kwa kuwa kila alichokipima alisema kimezidi au kimepungua kwa nusu ya unywele. Siku alipompelekea pistoni, iliyochubuka ubavu mzima, fundi aliishika kiganjani kwa muda mrefu.

“Hiki tu?” aliuliza. “Kitu cha ukubwa wa kikombe cha chai ndicho kilichokuwa kikimpandisha mke wangu mlimani, yeye na mkoba wake?”

“Hicho hicho, Baba Pacha. Kinapanda na kushuka maelfu ya mara kabla hujamaliza chai yako, na hakilalamiki. Kinataka oili tu.”

Nusu Nywele aliikereza silinda, akaipima, akapuliza, akapima tena. Kisha akamtazama fundi juu ya miwani.

“Nisikilize vizuri. Hii ilishakerezwa mara mbili huko nyuma. Kila ikikerezwa hutaka pistoni kubwa zaidi, na hii mpya niliyokupa ndiyo ya mwisho kwa ukubwa. Ukuta uliobaki ni mwembamba, hauna cha kukereza tena. Ikinata mara nyingine, silinda hii utapandia maua.”

Fundi aliifunga kwa flaneli akaibeba nyumbani akiikumbatia, akiwapisha hata kuku njiani.

Ikafika Jumamosi moja asubuhi ambapo makopo yote yalikuwa matupu, hata lile la SIJUI. Pikipiki ilisimama uani, nyeusi, imefungwa kila bolti. Majirani walisogea kwenye uzio. Fundi alivua aproni, akasogeza mguu kwenye kiki ya kuwashia.

“Plagi umeifunga?” Mama Pacha aliuliza kutoka mlangoni.

“Nimeifunga.”

“Ifungue.”

“Mama Pacha, watu wamesimama.”

“Wanaosimama wana miguu yao. Kabla ya moto, oili. Nataka niione kwa macho yangu, hapa juu.” Alishuka ngazi kwa uangalifu, akachukua spana, akalegeza bolti ndogo iliyo juu kabisa ya injini, mahali ambapo oili ikipanda lazima ivuje. “Sasa kanyaga.”

Fundi alichomoa plagi, akakanyaga kiki. Injini ikizungushwa bila plagi haiwezi kuwaka, inahema tu. Alikanyaga mara thelathini. Bolti kavu. Mara sitini. Kavu.

“Fundi!” jirani alipaza sauti. “Hiyo ni pikipiki au umehamishia cherehani uani?”

Uzio mzima ulicheka. Jasho lilimchuruzika fundi hadi kidevuni.

“Itakuwa bado inapanda,” alimwambia mkewe, karibu kumwomba.

Mama Pacha alipitisha kidole kwenye bolti, akakitazama. “Nimengojea watoto zaidi ya elfu,” alisema. “Kuchelewa nakujua na kukwama nakujua. Hapa kuna kitu kimekwama. Fungua.”

Majirani walitawanyika mmoja mmoja, maana hakuna burudani katika mtu anayefungua bolti. Fundi alitoa kabureta, akatoa kichwa cha injini, akainyanyua silinda. Chini yake ililala gasketi, karatasi ya kuziba maungio, aliyoikata mwenyewe kwa karatasi nene ya kuchorea pateni za nguo. Alikuwa ameilaza karatasi juu ya injini, akaisugua kwa kidole cheusi mpaka alama zikatokea, akaikata kwa mkasi wake mzuri. Kazi safi. Akiwa bado amepiga magoti, aliiinua akaiangalia kwenye mwanga.

Matundu ya bolti yalikuwa sawa. Lakini tundu la oili, lile dogo la pembeni ambalo oili hupandia juu, alilikata dogo zaidi, la kupita sindano. Alikumbuka alivyowaza siku hiyo: anza na dogo, utapanua baada ya kujaribisha. Ndivyo anavyokata shingo ya gauni siku zote, kwa kuwa kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi. Kisha akasahau kupanua, karatasi ikanywa oili, ikavimba, tundu likafumba kama jicho lililolala.

“Nini?” aliuliza Mama Pacha.

“Nimeacha nafasi ya kupanua.”

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia. “Baba Pacha! Injini ingenenepa? Ungeipima tena mwezi ujao?”

Yeye hakucheka. “Ningeiua tena,” alisema. “Kwa ukavu ule ule. Ningeiua mara ya pili mbele yako.”

Kicheko kilimkatika Mama Pacha. Alimtazama mumewe aliyepiga magoti na kipande cha karatasi mkononi, akaona kumbe miaka minne yote alikuwa akibeba nini.

“Mume wangu,” alisema polepole, “mimi ile siku niliona umefika mzima. Basi. Kata nyingine.”

Alikata nyingine, tundu kamili. Wakafunga pamoja, yeye akikaza, mkewe akimpa bolti. Safari hii, kwenye mkanyago wa arubaini na moja, oili ilichomoza juu ya bolti, tone la rangi ya asali, likakua, likateleza. Walilitazama kama watu waliooneshwa nyota mchana.

Akarudisha plagi. Akakanyaga. Injini ilikohoa. Akakanyaga tena, ikapiga chafya ya moshi. Mara ya tatu ikashika.

Du, du, du, du. Maji kwenye beseni yalichora miduara. Bati la paa lilinguruma chini kwa chini. Fundi alirudi nyuma hatua mbili, mikono hewani. Kila kipande kilichokuwa mle ndani alikijua. Alikisugua, alikipima, alikifunga kwa vidole hivi hivi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na sauti. Chuma kilikuwa kimya, petroli kimya kwenye chupa, hewa kimya uani. Sasa hii ilitoka wapi? Machozi yalimtoka naye hakuyafuta, kwani mikono ilikuwa michafu. Majirani walirejea kwenye uzio, na safari hii hakuna aliyekuwa na mzaha.

Dakika kumi, kama alivyoagiza Nusu Nywele, kisha akaizima. “Iache ipoe kabisa,” mzee alikuwa amemwambia. “Chuma kikipoa ndipo hunata. Hapo ndipo utajua.”

Wakangoja. Jua lilihama kutoka kwenye tangi hadi kwenye gurudumu. Injini ilitoa milio midogo, tik, tik, ikaacha. Mama Pacha aligusa silinda kwa mgongo wa vidole, akatikisa kichwa: bado. Baadaye akagusa tena.

“Imepoa.”

Fundi hakutumia mguu. Aliinama, akashika kiki kwa kiganja, akaisukuma taratibu, akiwa amefumba macho. Ilishuka. Ilishuka laini, ikikaza kidogo mahali inapostahili kukaza, na ndani ya silinda pakasikika pumzi ndefu ya hewa ikienda zake. Akaiachia ikapanda. Akaishusha tena, akasikiliza. Akaipandisha, akaishusha, na mkewe alisimama pembeni, bega lake likigusa la mumewe, bila kumharakisha.